Gurudumu la Darasa la Tano

Kabla gurudumu halijaingia darasani, wanafunzi wangu wa darasa la tano walikuwa na meno safi kuliko binadamu yeyote aliyewahi kuandikwa. Ukiwapa insha ya harusi, inaanza na mswaki. Ukiwapa ajali ya moto, mtu anaamka, anapiga mswaki, anaoga, anakunywa chai, anawaaga wazazi wake, ndipo nyumba inapata ruhusa ya kuungua. Mwisho nao ulikuwa mmoja tu: tangu siku hiyo nikajifunza kuwatii wakubwa. Hata aliyeandika kuhusu likizo kwa shangazi yake alijifunza kuwatii wakubwa. Sijui shangazi alimfanya nini.

Sikuwacheka sana, maana najua walikoitoa. Ni insha moja, iliyotungwa na mtu ambaye siku hizi labda ni marehemu, na inarithiwa kama sare ya kaka mkubwa. Unaikariri, ukifika kwenye mtihani unaikunja hapa, unaipunguza pale, inakuenea. Nimefundisha shule ambayo ubao ulikuwa mlango wa choo uliong'olewa, na nyingine iliyofungwa nikiwa katikati ya sentensi, chaki mkononi. Kote huko niliikuta insha hiyo imenitangulia, imekaa dawati la mbele, inanisubiri.

Mwalimu mkuu wetu aliichoka kabla yangu. Ni mama wa hesabu, anazifundisha mwenyewe mpaka leo, na hata akivuka uwanja wa shule anavuka kwa mstari ulionyooka. Aliniita ofisini, akaniambia kwamba muhula ujao kipindi changu cha hadithi, kile cha Ijumaa, kitaondolewa, na nafasi yake itachukuliwa na hesabu. Nilijitetea kwa muda mrefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo linaudhi kuliko kukatizwa.

"Kama ni kuandika, nioneshe wakiandika," alisema. "Kama ni kukariri, basi wakariri jedwali la kuzidisha. Lile hata ukilikariri linabaki kuwa kweli."

Tukakubaliana kwamba atakuja kukaa darasani Ijumaa ya mwisho ya muhula, na hapo ndipo ataamua.

Sitajifanya nilikuwa nalinda elimu ya taifa. Kipindi kile nilikuwa nakipenda, basi. Ndiyo saa pekee ya wiki nzima ambayo sikuwa nafundisha nilichoambiwa nifundishe. Ukininyang'anya hiyo, nabaki mtu wa kusahihisha madaftari na kupuliza vumbi la chaki.

Jibu langu lilikuwa limesimama nyuma ya mlango wa Mjomba, limeanikwa mashati.

Mjomba, mdogo wake mama, aliishi karibu maisha yake yote kwa gurudumu la bahati. Alilibeba kwenye maonyesho na magulio: duara la plaiwudi lenye upana wa mikono iliyonyooshwa, limefungwa kwenye kitovu cha gurudumu la baiskeli, misumari imepangwa kwenye ukingo, na ulimi wa plastiki unaogonga misumari hiyo, tra-ta-ta-ta, mpaka duara lichoke. Watu walizungusha na kushinda sabuni, vikombe, chanuo. Juu kabisa ya rafu yake kulikuwa na redio. Redio ile hakuna mtu aliyewahi kuipata. Ilizeeka palepale, ikapitwa na wakati, ikawa inaonewa huruma na wateja.

Siri yenyewe haikuwa siri kwetu tuliokulia nyumbani kwake. Chini ya stendi kulikuwa na kanyagio la cherehani, na kanyagio lilivuta kipande cha tairi kilichogusa ukingo wa duara kwa nyuma. Mjomba alikuwa anatabasamu na mteja huku mguu ukifanya kazi. Ila mguu huohuo ndio uliompa mtoto anayelia puto, na mama mwenye mizigo beseni. Ukimuuliza, atakuambia bahati ni kitu kikubwa mno kuachiwa kijizungukie chenyewe.

Nilipomweleza ninachotaka, aliuliza zawadi itakuwa nini. Nikamwambia maneno.

"Mwanangu," alisema, "hiyo biashara utaifunga Jumanne."

Sharti langu lilikuwa moja, kanyagio ling'oke. Nilitaka watoto wapate wasichokitarajia, na mimi nisikitarajie pia, maana mwalimu akichagua mada watoto wanamsoma usoni na kumletea anachotaka. Mjomba alileta spana, akalala chali chini ya stendi, akalifungua akigumia kama mtu anayejing'oa jino. Alipoinuka alinikabidhi kanyagio, akaniambia kwamba sasa nililonalo si gurudumu, ni sinia.

Tukagawa duara pande kumi na mbili, kila upande na namba yake. Kila upande tulibandika karatasi tatu: nyekundu ya mtu, bluu ya mahali, kijani ya balaa. Maneno waliyatoa watoto wenyewe, mimi nikayaandika kwa kalamu nene. Kinyozi, fundi bomba, daktari wa meno, bibi harusi, muuza viatu. Ndani ya lifti, juu ya paa, benki, stoo ya shule. Mlango haufunguki, amepoteza sauti, ameambiwa siri asiyoitaka. Darasa nikaligawa makundi sita: mmoja anazungusha mara tatu, kundi linapata mtu wake, mahali pake na balaa lake, linakaa chini linaandika.

Ijumaa ya kwanza fundi bomba alikwama kwenye lifti, na kabla ya kufanya lolote akapiga mswaki. Mwandishi wake ni kijana tunayemwita Redio, kwa sababu hazimi. Nilimuuliza maji ya kusukutua aliyapata wapi ndani ya lifti. Akafikiri, akasema huyu si ni fundi bomba. Jibu lilikuwa zuri kuliko insha, nikamwambia aliandike hilo. Hata hivyo kuanzia siku hiyo nilipiga marufuku mswaki kwa watu wote, isipokuwa daktari wa meno akiwa kazini.

Taratibu wakaachia. Huwezi kuikunja insha ya likizo ikamwenea bibi harusi aliye juu ya paa, inachanika. Walilalamika, wakatafuna kalamu, wakaniuliza kama ni lazima. Halafu wakaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe huyu bibi harusi alipandaje, na gauni lile.

Mbishi mkuu alikuwa binti mmoja wa kundi la sita ambaye darasa zima linamwita Wakili. Huyo aliligombeza gurudumu kila wiki. Kwa nini kinyozi asinyoe tu watu akaenda nyumbani. Nani kasema siri lazima isumbue, yeye anazo tano na analala vizuri. Kisha anaandika kurasa mbili bila kuinua kichwa, na hamalizi. Hakuwahi kumaliza hadithi hata moja. Nikimwambia aweke mwisho, ananiuliza kama namtaka aseme alijifunza kuwatii wakubwa.

Mjomba alikuja kila Ijumaa, shati limepigwa pasi, akasimama kando ya gurudumu kulishikia stendi, maana sakafu ya darasa letu ina mabonde. Watoto walimwita Babu Gurudumu. Alisikiliza kila hadithi iliyosomwa, na hakusahau hata moja, kama ambavyo hakuwahi kumsahau mteja. Ningeweza kumuuliza kundi la pili walipata nini majuma manne nyuma, akanijibu kabla sijamaliza swali.

Kosa langu ni kwamba siku yenyewe, tukiwa tunabeba lile duara kutoka stoo, nilimweleza kinachoendelea. Nilimwambia mwalimu mkuu anakuja, na watoto wakishindwa kuandika kitu kizuri kipindi changu kimekwenda. Akasimama na upande wake wa gurudumu, akanitazama kwa huruma nyingi.

"Niachie mimi," alisema.

Kauli hiyo katika ukoo wetu imevunja ndoa mbili na ukuta mmoja. Nilipaswa kushtuka. Lakini kanyagio lilikuwa kwangu, uvunguni mwa kitanda, nikaona hana silaha.

Mwalimu mkuu aliingia akakaa nyuma, mkoba mapajani. Madawati yalikuwa yamepangwa kwa makundi yale sita. Kila kundi linatuma mtu mmoja kuzungusha, na wenzake wote wanaandika juu ya kilichotoka. Redio alizungushia kundi la kwanza. Fundi bomba. Ndani ya lifti. Mlango haufunguki.

Kundi zima likachekelea. Hiyo walishaipata Ijumaa ya kwanza, wakaiboresha, wakaisoma mbele ya darasa na kupigiwa makofi. Nikasema moyoni haya, sadfa hutokea. Wakainama wakaanza kuandika kwa kasi ya karani.

Kundi la pili likapata bibi harusi juu ya paa, amepoteza sauti. Ile ile yao, iliyomchekesha hata mfagizi aliyekuwa akipita dirishani. Kundi la tatu likapata daktari wao wa meno. Hapo niliacha kuamini sadfa. Nikamtazama Mjomba miguuni. Miguu yote miwili ilikuwa imetulia, viatu vinang'aa. Mikono nayo ameikunja kifuani. Alikuwa tu mzee aliyechoka kusimama, ameegemeza nyonga kwenye stendi. Alipoona namtazama akanikonyeza.

La nne, hadithi yao ya zamani. La tano, vilevile.

Darasa lilikuwa zuri kutazama kwa mtu asiyejua. Vichwa vimeinama, kalamu zinakimbia, hakuna anayeuliza kitu. Mwalimu mkuu aliinuka akaanza kupita katikati ya madawati. Alipita mara moja, akarudi mara ya pili polepole, akichungulia kurasa. Nilijua anachokiona kwa sababu nilikuwa nakiona pia: hakuna aliyefuta hata neno moja. Hakuna aliyetafuna kalamu. Alisimama kwa Redio akamwomba afunike daftari, amsimulie hadithi yake.

Redio akasimama wima, akamshushia yote kutoka neno la kwanza, na kila penye mkato akavuta pumzi. Mwalimu mkuu alimuuliza ameweza vipi kuishika vizuri hivyo wakati ameiandika sasa hivi.

"Hii, Mwalimu?" Redio alijibu kwa fahari. "Hii naijua hata nikiwa nimelala."

Mwalimu mkuu alimshukuru, akamwambia akae. Akarudi nyuma kuchukua mkoba wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyejumlisha na kupata jibu alilolitegemea. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ameona, na kwamba watoto wanasoma vizuri. Mjomba kule mbele alikuwa anang'aa kama ndiye aliyewazaa wote.

"Sisi bado," alisema Wakili kutoka kundi la sita.

Nikamwambia asubiri.

"Tunasubiri tangu mwanzo. Na zamu yetu Babu asiegemee."

Nilimuuliza anamaanisha nini, ingawa nilishaelewa, na nilijua pia kwamba ningeweza kumwambia akae kimya. Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika mlangoni. Lakini ukimfundisha mtoto muhula mzima kuandika anachokiona, huwezi kumnyamazisha siku anapokiona. Nikamwambia aeleze, kwa sauti, mwalimu mkuu asikie.

Wakili akaeleza kama anasoma hukumu. Babu akisimama wima, gurudumu linazunguka mpaka lichoke lenyewe. Babu akiegemea, stendi inalala kidogo, ulimi unabana misumari, na gurudumu linachoka pale Babu anapotaka. Ameegemea kwa makundi yote matano. Ijumaa nyingine zote hakuegemea. Na yeye Wakili hataki kupewa kinyozi wake tena, maana kinyozi wake ameshamchosha.

Darasa zima lilimgeukia Mjomba. Ni mtu aliyewahi kuwapa chanuo wenye vipara, wakaondoka wanashukuru. Alishuka kutoka kwenye ile nyonga yake, akasimama wima, akapangusa stendi kwa kiganja kana kwamba ina vumbi.

"Mteja akirudi anataka alichofurahia jana," alisema. "Nilitaka kila mtu aondoke na kitu, mwanangu. Na wewe pia."

Nikamwambia mwalimu mkuu ukweli ulivyo: kwamba zile hadithi tano ziliandikwa kwa jasho la watoto wenyewe, ila si leo. Leo wamezikariri, na hilo yeye ameliona sawasawa. Niliomba tu kundi la sita lipewe zamu yake.

Mwalimu mkuu aliangalia saa ya ukutani, akaangalia gurudumu. Akasema siyo kundi la sita. Darasa zima, kitu kimoja, ukurasa mpya. Na mzee akae kwenye dawati, mikono juu ya meza, mahali anapoweza kumwona.

Mjomba akabanwa kwenye dawati lililo nyuma ya Wakili, magoti yamefika kidevuni. Nikalishikia stendi mimi, kwa mikono iliyonyooka, nisije nikaambiwa ni ugonjwa wa ukoo. Wakili akatoka mbele, akatema mate kidogo viganjani, akazungusha. Muuza viatu. Akazungusha. Benki. Mara ya tatu lilizunguka sana, likapunguza, likasita, ulimi ukapanda juu ya msumari ukakaa hapohapo. Upande mmoja kulikuwa na amepoteza sauti, upande wa pili na kila mtu anamwita kwa jina la mtu mwingine. Zikaanza kelele. Nusu ya darasa waliitaka sauti kwa kuwa wameshaizoea. Wakili alidai lirudiwe. Redio alidai lipigiwe kura.

"Nusu inapanda," mwalimu mkuu alisema. "Mnakadiria kwenda juu. Au hilo nalo mmelisahau?"

Tukahesabu pande kwa namba zake, tukapanda. Muuza viatu, ndani ya benki, kila mtu anamwita kwa jina la mtu mwingine.

Kwa muda hakuna aliyeandika. Ilikuwa hali mbaya kutazama. Mmoja alichora kiatu. Mwingine aliuliza kama benki inaruhusu viatu, jirani yake akamwuliza kwani watu huingia pekupeku. Redio aliandika mistari minne, akafuta mitatu, akatazama dari kwa chuki. Nilimpitia nikaona mstari wa kwanza aliouacha: muuza viatu alikuwa anamjua kila mtu kwa miguu, hakumjua yeyote kwa sura. Nikaenda dawati lililofuata. Kurasa zilianza kuchafuka. Raba zikawa zinaombwa kutoka dawati hadi dawati. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkoba begani, akigeuka huku na huku kama mtu aliyepoteza kituo chake, kwa sababu kila daftari alilochungulia lilikuwa na benki tofauti.

Alimfikia Wakili, akainama, akasoma juu ya bega lake. Kwenye hadithi ya Wakili, watu wa benki wanamwita muuza viatu Daktari. Mlinzi anamwita Daktari, karani anamtolea kiti, anaruka foleni, anaanza kuuzoea udaktari. Ndipo mlango unafunguliwa kwa kishindo, mama mmoja anaingia na mtoto mikononi, mtoto amelegea, na kila mtu anasema afadhali, Daktari yupo. Wanamlaza mtoto juu ya kaunta. Muuza viatu ana sanduku lake, na ndani ya sanduku mna viatu tu.

Kengele ikalia.

Mwalimu mkuu hakuinuka. Alimwuliza ikawaje.

"Sijui bado, Mwalimu. Si imelia."

"Mimi kazi ambayo haijakamilika huipa sifuri."

"Basi tuongezewe muda," alisema Wakili. "Nikiweka mwisho sasa hivi nitaweka wa uongo. Nitasema alijifunza kuwatii wakubwa."

Kipindi kilichofuata kilikuwa hesabu, na mwalimu wa hesabu alikuwa yeye. Alinyooka. Alitazama ubaoni, ambako tayari kiranja alikuwa amechora mstari wa tarehe na kuandika kichwa cha somo, sehemu, zile za nusu na robo. Alinitazama mimi, na sijui uso wangu ulikuwa unafanya nini, lakini naamini haukuwa wa heshima. Akamwambia kiranja afute.

Kisha akaniambia, kwa sauti ileile ya ofisini, kwamba ratiba ya muhula ujao hajaibandika, na kwamba Ijumaa haitaguswa. Nikaanza kushukuru. Akanikatiza, mara ya kwanza tangu tufahamiane, akasema sehemu za leo nitazifidia mimi Jumatatu kabla ya gwaride, nikitaka nisitake. Nikakubali. Sehemu sizipendi, ila nimefidia mabaya zaidi.

Hakurudi kule nyuma alikokuwa amekaa. Akakaa pale palipokuwa na nafasi, kwenye dawati moja na Mjomba, mkoba umesimama katikati yao kama mpaka. Wakili alikuwa ameshageuza ukurasa. Mjomba alivumilia kiasi, akachungulia begani mwa Wakili, akamwona yule mtoto wa kwenye kaunta bado amelala pale bila msaada, akamwinamia mwalimu mkuu na kuanza kumnong'oneza kwamba yeye angekuwa muuza viatu, kitu cha kwanza angefanya ni...

"Mzee," mwalimu mkuu alisema bila kumgeukia, "watu wanafanya kazi."